Nduma Thelathini za Cucu

Tangu nirudi mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilitembea kwa miguu siku nne, kutoka Kiriaini hadi Naro Moru, na magari yapo. Nimejaribu kuwajibu pale kwenye benchi la duka, lakini nikisimulia kwa mdomo huwa naruka mambo, kisha najilaumu siku nzima. Afadhali niandike. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara tano. Huu wa tano bado haunifurahishi, lakini nimejikataza kuuchana.

Mnanijua. Mimi ni fundi redio wa hapa Gatitu niliyejifunza kazi kwa kitabu kilichopoteza jalada. Kwa kuwa sikufundishwa na mtu, kila siku naogopa kwamba kuna jambo moja ambalo mafundi wote wanalijua isipokuwa mimi. Ndiyo maana huifungua tena redio ambayo imekwisha kupona, niitazame. Woga huo nilikwenda nao safari hii, na ulikuwa mzito kuliko mzigo.

Kiriaini, kwa cucu

Cucu wangu, mama yake baba, anaishi chini ya soko la Kiriaini, mahali shamba linapoteremka hadi kijitoni. Huko majini ndiko ziliko nduma zake, mashina ya zambarau, majani mapana yanayoweza kumkinga mtoto na mvua. Aliniita, nikaenda.

"Mume wangu," akasema aliponiona, "mbona umekonda? Hao wa Gatitu hawakupikii?"

Ananiita hivyo tangu nizaliwe. Mimi ni kifungua mimba wa mwanawe, na kwa desturi yetu nilipewa jina la babu, Wachira. Kwa hiyo mimi ni mumewe, na utani wa ndoa hiyo haujaisha hata baada ya babu kufa.

Alitaka nimpelekee bintiye Nyambura, shangazi yangu ninayemwita tata, miche ya nduma. Tata na mumewe walihamia Naro Moru walipopata kipande katika mashamba yaliyoachwa na walowezi. Babu hakutaka. Alisema ile ni nchi ya kondoo na upepo. Siku ya kuondoka tata alisimama uani na mizigo yake, akingoja neno moja tu la baba yake: nenda. Mzee akampa mgongo, akaendelea kunoa panga. Mwaka uliofuata akafariki. Tata alikuja mazishini, akasimama nyuma ya watu wote, akaondoka kabla ya chakula. Sasa ni miaka kumi hajakanyaga Kiriaini.

Mara mbili cucu alimtumia miche kwa basi, na mara mbili ilifika imeiva kwa joto la buti, kule nyuma kwenye mizigo. "Ilibaki kutiwa chumvi tu," alisema cucu, lakini hakucheka, maana tata alikuwa amerudisha jibu: mwambieni mama kwamba hata nduma zake zinakataa kuja kwangu.

"Hii ni ya tatu," cucu akaniambia. "Hii ikikataa, situmi tena. Na yeye hatakuja. Tutazikana hivyo."

Nikaingiwa na hofu. "Cucu, si Kamau ana baiskeli?" Kamau ni binamu yangu, ana miguu kama ya farasi. "Yeye atafika kwa siku moja na nusu."

"Sikumwita Kamau."

"Lakini yeye ni haraka, na mimi..."

"Mume wangu. Nimesema ni wewe."

Tulichimba miche thelathini. Niliosha kila mmoja na kuufunga uzi mwekundu shinani, ili hata nikiulizwa na malaika niweze kusema huu ni wa cucu. Niliandika ratiba: saa ngapi nitavuka mto gani, na miche italowekwa dakika ngapi. Cucu aliitazama karatasi ile, akauliza kama mito imeshaisoma.

Kiriaini mpaka Othaya

Nisipoisifu njia hii nitakuwa mwongo. Ukifuata mgongo wa kilima badala ya kukata mabonde, unatembea kama mtu anayesindikizwa. Njia ni nyekundu na laini, inapanda kidogo, inashuka kidogo, na kila kona inakuonyesha bonde jingine lenye moshi wa jiko moja chini kabisa. Majani chai yamelala vilimani kama nywele zilizotoka kinyozi. Nilisimama mara nyingi kuliko ratiba ilivyoruhusu.

Taabu ilikuwa kiondo, kile kikapu cha kusuka chenye ukanda nilimotia miche. Nilikibeba begani, na kabla ya kilima cha pili kilikuwa kimekwisha vunja mabua mawili kwa kugonga ubavuni. Nilijaribu bega la pili. Nilijaribu kukikumbatia. Mwishowe niliangalia huku na huku, nikaona hakuna mtu, nikauweka ukanda wa kiondo kwenye paji la uso na mzigo ukakaa mgongoni, umetulia tuli. Mnajua maana yake. Kwetu ukanda wa kichwani ni wa wanawake, na nduma pia ni za wanawake, kama viazi vikuu vilivyo vya wanaume. Lakini miche haikugongwa tena, na mimi nilikuwa nimeapa itafika.

Nilipopinda kona nikakutana na wachumaji majani chai kama wanane wakipumzika.

"Wee mama!" mmoja akaita. "Hizo ndevu umetoa wapi?"

"Mwache, bwana yake amemtuma kuni."

"Kuni gani? Ni nduma! Uuui, mwanaume na nduma! Ati bibi yako amejifungua ama amekufukuza?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaanza kueleza habari ya cucu, ya basi, ya buti lenye joto, na nilieleza kwa urefu hadi wakanyamaza. Mwanamke mmoja mnene, waliyemwita Wangari, akanyanyuka akafungua kiondo bila kuniomba ruhusa.

"Ni nani alifunga hii?"

"Ni mimi."

"Umefunga vizuri sana," akasema. "Kama maiti."

Kumbe nduma zinataka kupumua. Nilikuwa nimezibana kwa majani ya mgomba tabaka nne na kamba tisa, na mitatu ilikuwa imeshaanza kuteleza kwa kuoza. Wangari aliitupa. Akamtuma mwenzake bondeni, naye akarudi na miche mitatu yenye mashina ya kijani.

"Asante, lakini hii si ya cucu," nikasema.

"Nduma ni nduma. Ama ulitumwa rangi?"

Niliipokea. Niliondoka na miche thelathini, ishirini na saba ikiwa na uzi mwekundu, na kicheko cha wanawake wale kilinisindikiza hadi kilima cha tatu. Othaya nilifika jua likiwa bado juu, nikalala kwa jamaa za mama.

Gura

Mto Gura hauhitaji kutafutwa. Unausikia kabla hujauona, unanguruma chini ya bonde kama lori linalopanda. Mashamba ya kahawa yanateremka pande zote mbili hadi karibu na maji, na hewa inakuwa baridi ghafla, baridi safi inayokufanya uvute pumzi kwa makusudi. Nadhani sijawahi kuona maji yenye haraka namna ile yakawa mazuri namna ile.

Ratiba ilisema: Gura, kuloweka, dakika kumi. Nilifungua kiondo, nikaitandaza miche ukingoni penye maji kidogo, nikaikandamiza kwa jiwe kubwa. Nikakaa nikatazama saa. Dakika ya saba jiwe liliondoka. Sikuliona likiondoka. Niliona tu majani ya zambarau yakielea katikati ya mto, yanazunguka mara moja kama yanaaga, kisha hayapo. Nilijitupa juu ya yale yaliyobaki nikayakumbatia, nimelowa hadi kifuani. Kumi na miwili ilikuwa imekwenda, yote ya cucu.

Mzee mmoja aliyekuwa akiosha miguu juu kidogo alikuwa ameona kila kitu. Jina lake ni Ndirangu, mkulima wa kahawa wa upande wa pili.

"Ulizuia na nini?" akauliza.

"Jiwe."

"Jiwe la Gura?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "Kijana, hayo mawe yenyewe yako safarini."

Nilikaa chini nikalia. Naandika hivyo kwa sababu nimeahidi kuandika yote. Mzee alinishika kiwiko akanipandisha kwake. Mkewe aliniweka karibu na moto, akaniletea sahani ya mukimo, viazi na mahindi vya kupondwa, yenye kilima katikati. Mimi nilikuwa nikitazama saa, maana nilikwisha chelewa saa nzima.

"Hiyo saa inakula nini?" akaniuliza.

"Hapana, mama, ni kwamba nilipanga..."

"Basi kama haili, iache ipumzike. Wewe kula."

Nikala. Nilipomaliza akaongeza. Nilipomaliza tena akaongeza uji wa kuchacha kwenye kibuyu. Wakati huo Mzee Ndirangu alikuwa ameshuka bondeni kwake, akarudi na miche kumi na miwili minene kama mkono wa mtoto, ya kijani. Nikasema haiwezekani nichukue. Akasema haiwezekani niiache, kwa kuwa ni mto wao ulioniibia, na wao hawataki jina baya. Wakanisindikiza hadi njia panda, wote wawili, polepole.

Nyeri mjini na Gatitu

Mto Chania niliuvuka bila kugusa maji yake. Nilikuwa nimepata adabu.

Mjini nilipita Majengo, kwenye kibanda cha chai cha Mama Zainabu. Babu yake alikuja hapa zamani na msafara wa wafanyakazi kutoka pwani, akaoa hapa, na Mama Zainabu hajawahi kuiona bahari, lakini Kiswahili chake kinanifanya nione aibu ya changu.

"Hayo majimbi unayapeleka wapi, mwanangu?" akauliza. Huko kwao nduma huitwa hivyo.

"Naro Moru, mama. Naogopa zitakufa. Kutoka Kiganjo kwenda mbele hakuna mto wa karibu."

"Ukiogopa hivyo utakufa wewe, yabaki mayatima." Alinipa chai ya tangawizi na mandazi mawili, akaingia ndani akatoka na gunia la mkonge alilolichovya kwenye pipa. Akavika kiondo chote kama mtu anayemvika mtoto koti. "Lilowe wakati wote. Likikauka, omba maji kwa mtu yeyote. Maji hayanyimwi."

Nililala hapa Gatitu, chumbani kwangu. Na asubuhi nilifanya jambo ninaloliona gumu kuliandika. Nilitandaza miche sakafuni nikaihesabu: kumi na mitano ya cucu, kumi na mitano ya watu. Nikafikiria uso wa tata. Nikafikiria atakavyosema, hata nduma za mama zimekataa njiani. Nikachukua uzi mwekundu, nikaifunga ile kumi na mitano ya kijani, mmoja baada ya mwingine, mafundo safi, yote yanafanana. Niliona nafuu kama dakika tano. Baada ya hapo nilitembea siku mbili na uzi ule kooni.

Gatitu mpaka uwandani

Ukiisha kupita Kiganjo, nchi inabadilika taratibu. Vilima vinalala. Kijani kinakuwa rangi ya mkate, anga inakuwa kubwa, na mlima unatoka mawinguni upande wa kulia, mweupe juu, uko karibu mno hadi mtu anajihisi kama amepaza sauti mahali patakatifu. Njia ni tambarare na nyepesi kabisa. Laiti ningekuwa nabeba kitu kisichokufa, ningesema ni siku bora ya miguu yangu.

Niliweka ile ya cucu juu ndani ya kiondo, ipate hewa zaidi. Adhuhuri nilikaa kwenye kivuli cha ua wa miti ya miwati, nikafumba macho kidogo tu. Nilipofumbua, kondoo dume alikuwa ameingiza kichwa kiondoni. Alikitoa haraka kuliko alivyokiingiza. Jani la nduma bichi linawasha, nanyi mnajua, naye akaanza kukohoa, kusugua mdomo mchangani na kuzunguka kama kichaa.

Mwenye kondoo akaja mbio na fimbo. "Umempa nini? Umempa sumu!"

"Si mimi! Ni nduma! Amejipa mwenyewe!"

"Nduma ninaijua, ni ya kuchemsha! Hii ni majani!"

"Ndiyo majani yake, mzee. Ikiwa bado shambani iko hivi."

Alinitazama, akatazama miche, akamtazama kondoo. Akaeleza kwamba yeye amezaliwa huku huku uwandani, kwenye zizi la mlowezi, na nduma kwake ni kitu kinachotoka sokoni kimekwisha iva. Kisha akatoa hukumu: tutakaa hapa mpaka kondoo ale tena. Akila, niende. Akifa, tutazungumza. Tulikaa saa mbili na nusu tukimtazama kondoo. Tulipokuwa tunangoja alinigawia viazi vya kuchoma na kuniuliza habari zote za Kiriaini, kama kweli kuna maji kila bonde, kama kweli mtu anaweza kulala akisikia mto. Kondoo alipouma nyasi tulipiga makofi wote wawili.

Hapo ndipo alipoona gunia limekauka. Alikuwa na debe la maji alilolibeba kutoka mbali kwa ajili ya nyumba yake. Akamimina nusu juu ya gunia langu, taratibu, bila kumwaga tone pembeni. Nilimwambia inatosha. "Wewe una wagonjwa," akasema. Usiku huo alinipa pa kulala, na asubuhi akaniongezea maji mengine.

Kondoo alikuwa ameharibu saba, yote ya cucu. Minne mingine ya cucu ilikuwa imelegea kwa jua, nikaiacha.

Naro Moru

Nilifika na miche kumi na tisa yenye uzi mwekundu, na ya kweli ilikuwa minne.

Shamba la tata linashuka hadi mtoni, maji baridi ya mlimani yanayopita juu ya mawe meusi. Nilimkuta huko akilima kabichi, mwanamke mrefu, na alipoinua uso nilishtuka, kwa sababu ni uso wa cucu bila mikunjo. Nikasema nimetumwa na cucu. Alilipokea gunia, akalifungua palepale, akatoa mche mmoja.

"Huu ni wa mama," akasema. Akatoa wa pili. "Huu si wa mama." Wa tatu. "Si wa mama. Si wa mama. Hii minene imetoka wapi, upande wa Gura?"

Uzi mwekundu hata hakuutazama. Mtu aliyekulia katika kijito kile hahitaji uzi.

Nikasema yote. Nilisema haraka, nimesimama, kofia mkononi: wachumaji wa chai, jiwe, kondoo, na uzi niliofunga kwa mikono yangu mwenyewe ili nimdanganye. Nilisema minne tu ndiyo ya mama yake, na kosa ni langu, si la nduma, hazikukataa, ni mimi niliyeshindwa kuzileta.

Kisha akauliza, "Wewe ni yupi? Ni Kamau?"

"Hapana. Mimi ni Wachira."

Jembe likamtoka mkononi. Aliinama kuliokota, akaliacha, akajifuta mikono kwenye leso yake, kidole kimoja kimoja.

"Baba," akasema.

Mnajua kwamba ndivyo ilivyo kwetu. Aliyepewa jina la babu ni baba wa shangazi zake. Nilikuwa nimeitwa mume wa cucu maisha yangu yote nikadhani ni utani tu, na sikuwahi kufikiria kwamba yuko mtu mwingine anayenidai nafasi hiyohiyo.

"Mama hakutuma nduma," tata akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Basi niambie."

"Nikwambie nini, tata?"

"Unajua."

Nilijua. Siku nne nilikuwa nimepanga kila neno la kusema nikifika, na neno hilo halikuwamo. Sikujua lisemwe kwa sauti gani, wala mkono ukae wapi, wala kama kijana asiye na mke ana haki. Nilitamani karatasi. Yeye alisimama mbele yangu wima kabisa, mikono ubavuni, kama mtu mwenye mizigo miguuni.

"Nenda, Nyambura," nikasema. Sijawahi kumwita mkubwa wangu kwa jina lake tupu. "Nenda salama."

"Nimeenda, baba," akajibu. Kisha akakaa chini kwenye udongo, akalia kwa muda, nami nikakaa karibu naye, na mto ukawa unapita.

Tuliipanda yote kumi na tisa kabla ya chakula, ya zambarau na ya kijani pamoja. Kabla ya kupanda aliukata kila uzi kwa meno, akaniwekea mfukoni.

Kiriaini tena

Nilirudi kwa gari, na sikushukia hapa Gatitu. Nilienda moja kwa moja kwa cucu kutoa hesabu. Nilikuwa nimeiandika safi: iliyooza, iliyochukuliwa na mto, iliyoliwa, iliyonyauka, iliyopandwa. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikatoa karatasi.

"Alikuita nani?" akauliza.

"Aliniita baba."

Kisu kikasimama. "Na ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Kwa sauti? Ama ulinong'ona kama kawaida yako?"

"Kwa sauti, cucu."

Akaweka kisu chini, akachukua jembe, akashuka kijitoni. Nilidhani amekwenda kulia peke yake, nikakaa na karatasi yangu. Baada ya muda akapanda na fungu la miche ya zambarau, inadondosha maji, akalitupa mlangoni.

"Hii mpe Kamau apeleke na baiskeli yake," akasema. "Sasa hata basi inaweza kubeba."